Pembe Iliyoanguka Yenyewe

Uskoti, 9 Julai 2023

Wifi yangu Sabrina,

Assalaam alaykum. Baridi ya Julai ya huko naijua inavyong'ata, kwa hiyo naanza na Mama: magoti yanasemaje? Na kaka Jaffari, mumeo, bado anakohoa kwa vumbi la mbao? Mimi mzima. Kazi ya kutunza wazee ni ile ile: kunyanyua, kuogesha, kulisha, na kusikiliza hadithi moja kila asubuhi kana kwamba ni mpya.

Ningepiga simu, lakini Mama kaniambia simu inamlia sikioni kama nzi ndani ya chupa. Anataka karatasi aishike huku wewe unamsomea. Basi msomee polepole.

Sasa jambo lenyewe. Emmanuel, yule kijana wa Ikuti anayesoma huku, anakuja likizo, nami nimempa mzigo wa kaka. Msishtuke mkiufungua. Ni pembe. Ni ya mnyama wa milima ya huku, mkubwa kama ng'ombe mdogo, dume lake lina matawi kichwani kama mti uliopukutika. Kila mwaka baridi inapokaribia kwisha pembe hizo zinalegea na kuanguka zenyewe, kama jino la mtoto, halafu zinaota nyingine. Usicheke, ni kweli. Mwezi wa tatu, siku zangu za mapumziko, nilipanda mlimani na jirani yangu mzee Murdo, ambaye kazi yake ni kuangalia wanyama wa shamba moja kubwa. Tulizitafuta kwenye nyasi zilizolazwa na theluji. Unatembea umeinama kama mtu aliyeangusha pete, na mara nyingi unachookota ni kijiti. Hii niliiona mimi mwenyewe, imechomoza kwenye tope, tawi lake la chini limepinda kama ndoana.

Kaka aliwahi kulalamika kwamba mipini ya mbao inapasuka mapema kwenye visu vya bucha. Ajaribu hii.

Msalimie Atupele, jirani yetu mwema.

Wifi yako,
Naima


Ibighi, Tukuyu, 26 Novemba 2023

Wifi Naima,

Waalaykum salaam. Nisamehe kwa kuchelewa, mambo yalikuwa mengi. Mvua zimeanza vizuri, ndizi za nyuma ya nyumba zimebeba hadi nimezitegemeza kwa miti. Atupele anakusalimu sana. Nilipomweleza habari za mnyama wako alisema kwenye Biblia yao anaitwa ayala, basi nasi tunamwita hivyo.

Mama hajambo. Magoti yanamsumbua asubuhi, lakini bado anawaumika watu wake. Juzi alikuja mama mmoja wa Masoko, mgongo umekakamaa, Mama akambandika pembe zake za ng'ombe, akavuta ile damu mbaya, mgonjwa akaondoka amenyooka. Ila kuna pembe yake moja ndogo imepotea, ile aliyorithi kwa mama yake, bibi yenu. Anaitafuta nyumba nzima. Jana aligeuza godoro lake peke yake.

Kaka yako mzigo aliupata. Anakushukuru. Kwa sasa hayupo hapa nyumbani, ana shughuli, ndiyo maana hakuandika mwenyewe.

Naima, usitume pembe nyingine.

Wifi yako,
Sabrina


Uskoti, 17 Desemba 2023

Wifi Sabrina,

Assalaam alaykum. Nashukuru kwa habari za Mama, za ndizi na za Atupele. Huku jua linatoka kama mtu aliyelazimishwa, na saa tisa mchana limeshaondoka.

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea mikunjo. Kaka yuko wapi? Umeandika kwamba ana shughuli. Kaka yangu namjua, shughuli yake ni benchi lake la ufundi pale barazani na redio. Simu yake imezimwa tangu mwezi wa kumi. Yako pia. Emmanuel amerudi huku, na nikimuuliza anaangalia viatu vyake.

Na kwa nini nisitume pembe nyingine? Kama haifai kwa mipini, sema haifai. Kama ameumwa, sema ameumwa. Kama amekuacha, wifi, niambie mimi kwanza kabla sijaambiwa na watu.

Najua Mama atataka kusomewa barua hii. Msomee habari za jua, hapa ruka.

Naima


Ibighi, Tukuyu, 14 Januari 2024

Wifi Naima,

Waalaykum salaam. Mama anauliza kama una soksi nzito. Hayo ndiyo aliyonituma. Yanayofuata ni yangu.

Jaffari hajaniacha. Yuko mahabusu tangu Oktoba.

Alikataa usiambiwe. Alisema utajilaumu, utaacha kazi, utapanda ndege uje ukae nasi kwenye benchi la mahakama bila faida yoyote. Lakini umeniuliza waziwazi, na mimi nimechoka kukuandikia habari za ndizi.

Pembe yako aliipenda mno. Hakuikata. Aliiweka juu ya benchi lake pale barazani, wateja waipapase. Watu walikuwa wanatoka mpaka Kiwira kuja kuiona. Siku moja likaja gari la maofisa wa wanyamapori. Mama hakuwepo, alikuwa msibani Ikuti. Mmoja akaishika, akauliza:

"Hii ya mnyama gani?"

"Wa Ulaya," Jaffari akasema. "Dada yangu kaiokota."

"Kaiokota?"

"Inaanguka yenyewe. Mnyama yuko hai, anaendelea na safari yake."

Yule ofisa akawageukia wenzake. "Jamani, mmesikia? Pembe inaanguka yenyewe, kama embe."

Barabara nzima ilicheka. Nilisimama mlangoni na ndoo mkononi nikawaona majirani zangu wakicheka, na mume wangu akitabasamu pia, maana alidhani wakishacheka wataondoka. Hawakuondoka. Waliingia ndani wakapekua, wakachukua na simu zetu. Kesi ni ya kukutwa na nyara za serikali bila kibali. Dhamana imezuiliwa. Kila tukienda inatajwa tu na kuahirishwa, mtaalamu wa kuitambua pembe hajaja. Simu ya kuazima siitaki, kila anayeniazima anasimama karibu asikilize.

Wakili wetu, Bwana Ackson, anasema tukipata ushahidi wa ilikotoka itasaidia. Mama anajua kwamba mwanawe yuko ndani kwa sababu ya pembe yako. Usimwandikie zaidi ya hapo.

Sikulaumu. Hapana, hilo si kweli. Siku nyingine nakulaumu.

Sabrina


Uskoti, 5 Februari 2024

Wifi,

Barua yako ilifika jana. Mwambie Mama soksi ninazo. Kwamba unanilaumu, nimelipokea.

Nimekwenda kwa mzee Murdo na barua yako mkononi nikamtafsiria mstari kwa mstari. Kisha akaniambia yule dume mwenye ndoana anamjua. Yu hai, na pembe yake ya kushoto huota na ndoana hiyo hiyo kila mwaka. Mwaka huu nayo itaanguka. Nikiipata, nikaipiga picha pale pale ilipolala, na shamba likaandika barua kwamba mnyama huyo ni wao na pembe zake huanguka, nani atabisha?

Kuna ugumu mmoja. Kwenye shamba lile pembe zinazoanguka zinahesabiwa kuwa za mwenye shamba. Ile ya kwanza Murdo aliniachia kimyakimya. Tukiomba barua, tunakiri sote wawili. Murdo amebakiza mwaka mmoja astaafu, nami kibali changu cha kukaa huku kinategemea kazi yangu na jina langu safi. Nilimwambia aache. Akavaa kofia yake akasema, "Tutaanza upande wa kusini, theluji imeondoka."

Niombee.

Naima


Uskoti, 24 Machi 2024

Wifi Sabrina,

Ramadhani karim. Nakuandikia wakati nasubiri kufuturu. Mama asijilazimishe kufunga na dawa zake za presha, mwambie nimesema mimi.

Tumeipata.

Kila siku ya mapumziko tulipanda. Mlima wa huku si kama Rungwe, hauna msitu wa kukuficha, ni mabonde matupu ya majani ya kahawia na upepo unaokusukuma kama mtu mwenye hasira. Tulifuata njia zao, tukaangalia chini ya uzio wanaporuka, maana mshtuko wa kutua huangusha pembe iliyolegea, tukaangalia kwenye kingo za vijito wanapokunywa. Tuliokota pembe za madume wengine, zikiwa zimegugunwa na panya. Ya kwetu hapana. Siku moja tulimwona yeye mwenyewe kwa mbali, amesimama ukingoni mwa bonde, pembe ya kulia haipo, ya kushoto bado ipo na ndoana yake. Nililia kwa hasira. Nilikuwa nimefunga, nina kiu, na kifungo cha kaka yangu kiko juu ya kichwa cha mnyama anayenitazama.

Murdo alinikataza kumkimbilia. "Ukimtisha atavuka bonde, hutaipata tena." Tukakaa chini nyuma ya jiwe mpaka akaondoka mwenyewe.

Wiki iliyofuata ukungu ulishuka, Murdo akasema leo hapana. Nilikwenda peke yangu. Niliikuta kwenye kingo za kijito chini ya ukingo ule ule, imelala juu ya barafu, kitako chake kimeviringana kama kokoto, bado kina tone la damu. Nimeipiga picha kabla ya kuigusa. Imebaki huku, ni ya shamba.

Mwenye shamba alitusikiliza wote wawili tumesimama kama wanafunzi. Hakunishtaki. Barua ameandika, ametia saini, imo humu pamoja na picha. Murdo amepewa onyo. Mpe wakili leo hii.

Kurudi kulikuwa na utelezi kidogo. Si kitu.

Naima


Ibighi, Tukuyu, 14 Aprili 2024

Wifi Naima,

Eid mubarak, ingawa tuliila kimya. Nilimpelekea Jaffari pilau, akala kidogo akawapa wenzake. Amekonda shingoni. Anacheka kama zamani, na hilo ndilo linalonitisha.

Karatasi zako nilizikabidhi kwa Bwana Ackson siku ile ile. Alizisoma akapiga meza kwa kiganja. Sasa mtaalamu ameletwa, ameishika pembe na kutazama kitako chake, na atasema kwa maandishi kwamba si ya mnyama yeyote wa nchi hii. Murdo wako mwambie ndaga fijo, mwambie ni asante ya kwetu, ya moyoni.

Mwandiko wako umebadilika. Herufi zimelala kama zilizopigwa na upepo. Sikuulizi. Wewe umevumilia yangu mengi, sasa vumilia na hili.

Pembe mezani kwa hakimu ziko mbili.

Walipopekua chumba cha Mama walikuta kikapu chake cha kuumikia. Za ng'ombe waliziacha. Ile ndogo ya bibi waliigeuza geuza, wakasema hii ni ya pongo, yule swala wa msituni. Wakauliza ya nani. Jaffari hakusubiri hata nivute pumzi. "Yangu," akasema. Wakaandika. Akanishika mkono mbele yao akanong'ona, "Mama asijue. Akijua atakwenda kusema, na mahabusu hatatoka hai." Aliniapisha, wifi, kwa jina la Mungu. Mama aliporudi kutoka Ikuti nikamwambia labda panya wameiburura. Tangu hapo anaitafuta. Amefukua hadi majivu ya jikoni. Mimi nashika taa, namsaidia kutafuta kitu ninachojua kilipo.

Kwa hiyo ya kwako itaondoka, lakini mume wangu hatatoka. Ningekuambia mapema usingepanda mlima. Niliogopa usipopanda hata hiyo moja haitaondoka.

Kesi ni tarehe 28 Mei. Wakili anasema Jaffari akishikilia kwamba ni yake, atafungwa.

Sabrina


Uskoti, 1 Mei 2024

Wifi,

Nilianza kukuandikia kwa hasira nikachana. Hii ni ya pili.

Mkono wangu wa kulia ulivunjika kwenye kile kijito. Naandika kwa wa kushoto. Sikukuambia kwa sababu ile ile iliyokufanya wewe usiniambie, kila mmoja wetu anaamua mwenzake anaweza kubeba nini. Nimekaa bila kazi na plasta mkononi nikifikiri juu ya Mama na ile taa. Anazaa watoto wawili, anawalea peke yake baada ya Baba kufa, halafu tunamfanya mtu wa kudanganywa habari za panya.

Kiapo ni chako, si changu. Mimi sikuapishwa. Kwa hiyo yafuatayo namwandikia Mama, na wewe ni msomaji tu.

Mama, shikamoo. Ni Naima. Pembe ya bibi haijapotea. Iko mahakamani. Kaka alisema ni yake ili wewe usiguswe, na sasa wanaweza kumfunga kwa ajili yake. Sabrina alizuiwa kukuambia, usimkasirikie. Sikuombi ufanye lolote. Ukikaa kimya hakuna mwanao atakayekulaumu. Nilitaka tu uache kuitafuta.

Wifi, ukiruka mstari hata mmoja, nitajua.

Naima


Ibighi, Tukuyu, 9 Juni 2024

Wifi Naima,

Waalaykum salaam. Mkono wako unaendeleaje? Mama anasema plasta ikitolewa usibebe ndoo upesi.

Wote tuko nyumbani. Nimeanza na hilo ili usome yaliyobaki ukiwa umekaa vizuri.

Barua yako nilimsomea asubuhi, anamenya viazi. Nilipofika kwenye jina lake nikasita. Akasema, "Mbona umenyamaza? Karatasi bado ina maneno, nayaona." Nikasoma. Aliendelea kumenya mpaka kiazi kikaisha mkononi.

"Tangu nilipokuwa msibani?"

"Ndiyo, Mama."

"Na taa ukanishikia."

"Ndiyo, Mama."

Jioni aliuliza tarehe ya kesi.

Tarehe 28 tulikwenda, mimi, yeye na Atupele. Jaffari alipotuona kutoka kizimbani akanitazama mimi kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwake. Mwendesha mashtaka akaeleza kwamba kuhusu pembe kubwa, kwa maelezo ya mtaalamu na vielelezo kutoka Uskoti, hawana nia ya kuendelea. Wanaendelea na ile ndogo. Mama akasimama.

"Hiyo ni yangu."

"Mama, kaa chini," hakimu akasema. "Si zamu yako."

"Mheshimiwa, nikikaa nitachukua muda kuinuka tena, magoti mabovu. Hiyo pembe niliachiwa na mama yangu. Nawaumikia watu. Huyo mtoto hajui hata inavyoshikwa."

Jaffari akapaza sauti: "Mheshimiwa, msimsikilize! Ni mzee, amechanganyikiwa!"

Watu wakaguna. Mama akamgeukia taratibu, mwili mzima.

"Jaffari. Nani amechanganyikiwa?"

Hakimu alimuuliza Jaffari mara mbili kama anayosema mama yake ni kweli. Mara ya pili akainamisha kichwa akasema, "Ni kweli."

Walimchukua Mama, Naima. Sitakuficha. Askari wa kike alimshika mkono wakapita mbele yangu, na Jaffari akarudishwa mahabusu vilevile, kwa kuwa shauri lilikuwa halijaondolewa. Nilitoka pale sina mume wala mama mkwe. Atupele ndiye aliyenifikisha nyumbani, ndiye aliyepeleka blanketi kituoni na kukataa kuondoka mpaka amwone Mama amejifunika. Sikuweza kupika wala kukaa. Nilijiambia nimemuua kwa kusoma.

Ijumaa wakamleta mbele ya hakimu. Akasomewa shitaka, akakubali. Alipoulizwa kama ana la kusema, akasema: "Sikujua kwamba pembe ya mama yangu ina mwenyewe serikalini. Sasa nimejua, ichukueni. Mwanangu mnirudishie." Hakimu alikaa akiandika kwa muda mrefu. Kwa umri wake na kwa kuwa hajawahi kufanya kosa, akamwachia kwa sharti kwamba asirudie ndani ya mwaka mmoja. Pembe imebaki kwao. Kisha shitaka la Jaffari likaondolewa, naye akakemewa vikali kwa kuwadanganya askari, na akafunguliwa pingu.

Ungedhani tulirudi kwa vigelegele. Mama hakumsemesha Jaffari njia nzima, wala kesho yake. Alimpikia, akamtengea maji ya kuoga ya moto, akamtazama anavyokula, lakini neno hakuna. Siku ya tatu Jaffari akapiga magoti jikoni.

"Mama, nilitaka kukukinga."

"Ulinikinga kama maiti," akasema. "Maiti ndiyo inayosemewa. Mimi nilikuwa hai, nimekaa humu ndani, naitafuta mali yangu."

Akalia kama mtoto, yule mwanamume mzima. Mama akamwacha alie, kisha akamwambia ainuke asije akaunguza ugali. Tangu hapo wanazungumza, kidogo kidogo. Na mimi ananisemesha. Kiapo nilichovunja hakuna aliyekitaja, lakini Jaffari usingizini ananishika mkono kwa nguvu.

Mama ameketi hapa pembeni yangu. Amesema kuanzia leo barua haifungwi mpaka asomewe yote, iliyoingia na inayotoka. Hii nimemsomea. Akasema umesahau kitu, andika kwamba pale mahakamani sikulia.

Nikamwambia, "Mama, nilikuwa nimekaa nyuma yako. Walipomfungua Jaffari pingu nilikuona."

Alivuta kanga mabegani.

"Haya," akasema. "Basi andika ulivyoona."

Wifi yako,
Sabrina